Shanta, Godoro na Sufuria

Wifi yangu aliwahi kuniuliza mbele ya wageni, mwanamke mwenye mgongo mmoja anataka mabegi matano ya mgongoni ya nini. Wageni wakacheka. Nikamjibu kwamba yeye ana miguu miwili tu, na viatu vyake vimejaa mpaka uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Wageni wakacheka tena, ila safari hii yeye hakucheka, na tangu siku hiyo mabegi yangu yakawa kesi katika nyumba ile.

Nyumba ilikuwa Mbagala, ya familia ya mume wangu. Mama mkwe alikaa vyumba vya mbele, wifi aliyeachika na wanawe chumba cha uani, mimi na mume wangu vyumba viwili vya ubavuni vyenye mlango wetu wenyewe. Mlango wetu wenyewe ni maneno tu. Ukikohoa ndani, uani wanakupa pole.

Sijawahi kuyaonea aibu yale mabegi na sitaanza leo. Anayesema begi ni begi hajawahi kubeba kitu kizito akaenda nacho mbali. Kazi yangu ilikuwa Kinondoni, kwenye ofisi ya bima, kwa hiyo kila siku nilikuwa naikata Dar es Salaam kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Begi la kazini lilikuwa jeusi, lina mfuko wa sponji wa kompyuta, na zipu yake imekaa upande unaogusa mgongo ili kibaka asiifikie. Begi kama hilo ukilitia nyanya umeliua. La sokoni lilikuwa la turubai, limepauka, halina urembo wowote. Nikitoka nalo Tandika naligeuza ndani nje, nalifua kwa sabuni ya mche na kulianika. Majirani walisema mwanamke wa heshima anabeba kikapu. Waliosema hivyo wote wana bega moja limeshuka, na usiku wanaomba kukandwa.

Kulikuwa na begi la msiba pia. Hilo ndilo pekee ambalo mama mkwe alilielewa. Msiba haubishi hodi. Simu inalia, unaambiwa fulani hatunaye, na ukishafika huondoki leo wala kesho. Kwa hiyo begi langu lilikaa tayari nyuma ya mlango, ndani lina doti za kanga, baibui, ndala, mswaki, dawa ya kichwa na chaja. Wifi alikuwa akilichukua bila kuomba, anakwenda nalo misibani, anarudi anasifiwa na ukoo mzima kwamba anajua kujiandaa. Nilikuwa nakaa kimya. Marehemu wa watu sikutaka kuwaingiza kwenye ugomvi wangu.

La mbio lilikuwa dogo, linabana mgongoni kama mtoto aliyebebwa kwa kanga. Lina mfuko wa maji ndani na mrija unaopita begani, kwa hiyo unakunywa huku unakimbia. Jumamosi asubuhi klabu yetu ya jogging ilikuwa inatoka, wanawake na wanaume, tunaimba na kupiga makofi, tunazunguka mitaa ya Temeke na kurudi. Baadaye baadhi yetu tukaanza kupanda vilima vya Pugu. Na mtu akishapanda Pugu akaona mwili haujafa, anaanza kutazama milima mikubwa.

Ndivyo nilivyolipata begi la tano, shanta la mlimani. Nililifukua kwenye mtumba wa Karume, chini ya rundo la makoti ya baridi ambayo Dar hayana wa kuyavaa. Lilikuwa la bluu, la lita hamsini, na lina mkanda mnene wa kiunoni. Muuzaji mwenyewe hakujua la nini.

"Sista, hili kama la jeshi hivi," akaniambia. "Utapata shida barabarani."

Nikamwambia anionyeshe jeshi linalopigana na bluu iliyokoza namna ile. Akacheka, akalifunga kwenye mfuko. Nyumbani nililijaza mchele na vitabu, nikafunga mkanda, nikatembea uani huku wifi ananitazama. Lile shanta lilikuwa ajabu. Uzito wote unakaa kwenye nyonga, mabega yanabaki kusindikiza tu. Nilijisikia nina nguvu za kubeba nyumba yote, na nadhani wifi aliuona uso wangu ukisema hivyo.

Mume wangu ni mtu mpole. Kila mtu anasema hivyo, wa kwanza kusema ni mama yake, na mimi nilimpendea hilo. Nilikulia Vingunguti, karibu na machinjio, kwenye kelele za wanaume wanaogombania ngozi na utumbo tangu alfajiri. Nilipompata mwanaume asiyepandisha sauti nikaona nimepata pepo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikaa na kile kimya miaka nikisubiri mshindo. Hakuna kitu.

Ugomvi wenyewe ulianza na mchuzi. Wifi alikuwa na shughuli ya kumfunda bibi harusi huko Mtoni, na kila mwalikwa alitakiwa kwenda na chakula. Akaingia chumbani kwangu nikiwa kazini, akalichukua begi la mbio, akatia ndani hotpoti ya mchuzi wa kuku. Begi lile halikutengenezwa kusimama wima. Hotpoti ikalala, mfuniko ukaachia, mchuzi ukaingia mpaka kwenye mrija. Akalirudisha msumarini likiwa limefungwa zipu vizuri, kama hakuna kitu. Niligundua Jumatano jioni nilipokunywa maji yenye binzari na vitunguu saumu.

Nilitoka nalo uani nikiwa nimelishika kama panya aliyekufa.

"Wifi, hili umelifanya nini?"

"Si begi tu hilo? Litafuliwa."

"Uliniomba?"

"Kuomba kitu kwenye nyumba ya kaka yangu? Tangu lini? Mie nilikuwaga humu kabla yako, na nitakuwepo ukishaondoka."

Hapo nikapandwa na hasira ambazo hata sasa nikizikumbuka mikono inakuwa ya moto. Nilisema mengi. La mwisho nililisema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, mpaka muuza mkaa wa barabarani: "Iko siku nitabeba kila kilicho changu humu ndani, mnione ninavyotoka." Mama mkwe alikuwa dirishani. Akafunga pazia. Mume wangu alikuwa ndani anatazama mpira.

Safari ya mlimani ilikuwa imepangwa tangu mwezi uliopita. Kikundi chetu kilikuwa kinakwenda Morogoro, kupanda Uluguru Jumamosi, kulala huko juu kwenye mahema, na kurudi Jumapili. Alhamisi jioni, tunakula wali na maharage, nikamuaga mume wangu kama mke anavyopaswa kuaga. Nikamweleza tunakwenda wapi, nani na nani, wanawake wanalala hema lao.

"Nenda," akasema. "Ila mama akisikia unaenda kulala porini itakuwa ishu."

"Basi nikamuage mwenyewe. Nakaa kwake, sitaki kutoka kama mwizi."

"Sasa hivi na hasira zenu hizo? Niachie mie. Mama nitamwambia mwenyewe."

Niachie mie. Nikamwachia.

Jumamosi alfajiri, baada ya swala, mume wangu mwenyewe ndiye aliyelinyanyua shanta, akalishika juu wakati mimi naingiza mikono. Akanifungia na klipu ya mkanda wa kiunoni, kwa sababu siku zote ilikuwa ngumu. Kisha akarudi kulala. Sasa jaribu kuniona nilivyotoka mlangoni. Mgongoni nina shanta la bluu lililojaa mpaka shingoni. Juu yake nimefunga kigodoro cha sponji kilichokunjwa, cha kutandika ndani ya hema. Kwa nje inaning'inia sufuria ya kikundi, maana zamu ya kuipeleka ilikuwa yangu na ndani haikuenea, na kila nikipiga hatua inagonga kwenye chuma cha mkanda. Kifuani nimefunga kifurushi cha chakula kwa kanga. Wifi alikuwa anafagia uani. Tangu Jumatano tulikuwa hatusemezani. Nikampita. Ufagio wake ukasimama, na niliusikia umesimama mpaka nilipofika kona.

Kwetu Pwani mwanamke anayeacha ndoa haandiki barua. Anatoka asubuhi na virago vyake. Akibeba nguo peke yake, watu wanasema amenuna, atarudi. Akibeba godoro na sufuria, hakuna tena wa kuuliza. Hilo nalijua tangu mdogo, nimewaona mashangazi zangu wakitoka hivyo na wengine wakirudi hivyo. Lakini asubuhi ile akili yangu ilikuwa mlimani, na godoro lenyewe lilikuwa jembamba kama andazi lililoharibika. Ningepita hata mbele ya kadhi nisingewaza kitu.

Kuhusu mlima sina la kulalamika. Kulikuwa na ukungu, matope, baridi ya kung'ata masikio, na chai ya tangawizi tuliyoichemsha kwenye ile sufuria ilikuwa tamu kuliko chai yoyote niliyokunywa ukweni. Simu hazikuwa na mtandao. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu niolewe, hakuna mtu anayesikiliza kikohozi changu.

Tuliposhuka Morogoro mjini Jumapili, simu ilipata mtandao ikaanza kutetemeka haikomi. Mama yangu alikuwa amepiga. Mjomba amepiga. Mama mkwe amepiga. Shangazi wa mume wangu, ambaye hajawahi kunipigia hata siku ya Idi, amepiga. Mume wangu hakupiga. Nikampigia.

"Kuna nini huko?"

"Uko wapi?"

"Morogoro, si unajua. Tunarudi."

"Haya, njoo," akasema, akakata.

Nilifika Mbagala jua likiwa limelegea, viatu vina matope mpaka kwenye kamba, na nikitamani choo kuliko kitu chochote duniani. Mbele ya mlango wangu palikuwa pametandikwa jamvi. Juu ya jamvi wamekaa mama mkwe, shangazi wa mume wangu aliyetoka Chamazi, na wifi aliyejifunga kanga kiunoni kama anayesubiri kucheza ngoma.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Umefuata nini?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema nimerudi kutoka mlimani, nimechoka, naomba nipite. Hakusogea.

"Mwanangu, mke akitoka na godoro lake hajirudishi. Anarudishwa. Nenda kwenu, wazee wako wakulete, tuzungumze. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tutakavyoacha."

"Mama, mie sikuondoka. Nilikwenda kupanda mlima. Mwanao anajua."

"Mwanangu nilimuuliza jana, mbele ya shangazi yake huyu. Kasema hajui ulikokwenda."

Nilihisi shanta limekuwa zito ghafla, kama mtu ameongeza mawe. Nikamwita mume wangu kwa jina lake, mbele ya mama yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akatoka amevaa msuli, rimoti mkononi. Akaangalia matope kwenye viatu vyangu. Nikamwambia awaeleze.

"Mke wangu," akasema, "si uende kwanza kwa mama yako, mambo yapoe? Tutayamaliza."

Nilimchukia. Nasema hivyo bila kupunguza. Katika maisha yangu nimegombana na watu wengi, nimegombana na makonda, na wapangaji wenzangu, na bosi, lakini kumchukia mtu mpaka ulimi unakuwa mkavu ilikuwa mara ya kwanza, na alikuwa mume wangu, amesimama na rimoti. Nikageuka. Niliomba choo kwa jirani, kisha nikaenda Vingunguti.

Mama yangu anauza supu ya utumbo karibu na machinjio, na ana ulimi ambao mimi nimeurithi nusu tu. Alinitazama nilivyoingia na mzigo wangu.

"Wenzio wanalala nje kwa shida," akasema. "Wewe umekwenda kulala nje kwa starehe. Haya. Ulimuaga mumeo?"

"Nilimuaga, mama. Alininyanyulia na begi."

"Basi," akasema, akaniwekea maji ya kuoga. Hakuniuliza tena.

Siku nilizokaa kwake zilinithibitishia kila nililowahi kubishana na wifi. Mabegi yangu yote yalikuwa Mbagala, yamefungiwa ndani, na kwenda kuyaomba sikutaka. Nikabaki na lile shanta kwa kila kitu. Nililipeleka kazini. Mlinzi wa getini akauliza, "Dada, unahamia?" Kompyuta ya ofisi ikawa inacheza ndani ya lita hamsini kama harage kwenye debe. Ndani ya ofisi halikuenea chini ya meza, likakaa kwenye kiti cha wateja, na mteja mmoja mzee akalisalimia kabla ya kuvaa miwani yake. Mama akanituma sokoni, nyanya zikazama mpaka chini, nikazitoa ni rojo. Jirani mmoja akafiwa, nikaingia msibani na shanta la mlimani lenye mikanda inayoning'inia, wanawake wakanipisha njia wakidhani nimeleta mahema. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Lakini nilikuwa navaa kanga za mama yangu, nalala chumba nilicholala nikiwa shule ya msingi, na kila jirani aliyekuja kununua supu alikuwa ananitazama kwa jicho la "karudi".

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye anayesimama mahali pa baba yangu aliyefariki. Ni dereva mstaafu, mtu wa busara, anachukia safari ndefu na ugomvi mrefu. Alikuja na mama mkubwa, wakaniweka chini.

"Jumapili baada ya Alasiri tunakupeleka," akasema. "Tutaomba radhi, watapokea, tutakunywa soda, itakwisha. Wewe inamisha kichwa tu."

"Mjomba, niombewe radhi kwa kosa gani?"

"Kosa si lazima liwepo. Inayotakiwa ni radhi."

Nikamwambia kwamba nikiombewa radhi nimekubali kuwa niliondoka. Nitarudi mle ndani nikiwa mke aliyewahi kukimbia, na kila nikitoka na begi, hata la sokoni, wifi atasimamisha ufagio. Watoto nikijaaliwa wataambiwa. Nikitaka kwenda kukimbia, nitaulizwa kama nitarudi. Nikamwambia anaweza kuninyima kila kitu, lakini kabla ya radhi mume wangu aulizwe jambo moja tu, nilimuaga au sikumuaga. Akisema nilimuaga, hakuna radhi ya kuomba na narudi kwangu kichwa juu. Mjomba akakuna kidevu. Mama, ambaye alikuwa anaosha mabakuli na hakualikwa kwenye mazungumzo, akasema, "Muulizeni."

"Tutaona hali itakavyokuwa," mjomba akasema, na nikajua kwamba hatauliza.

Jumapili tukaenda. Sebule ya mama mkwe ilikuwa imedekiwa, zulia limetandikwa, soda zimepangwa kwenye sinia. Mume wangu amekaa karibu na mama yake, amevaa kanzu. Alikuwa amekonda kidogo, na nikajichukia kwa kuliona hilo. Baada ya salamu na dua mjomba akakohoa, akaanza. Alizungumza vizuri, sina budi kusema. Alisema nyumba bila maneno ni kaburi. Alisema vyombo kabatini havikosi kugongana. Kisha akafika pale alipokuwa anaelekea tangu mwanzo: "Mtoto wetu amekosea, na sie wazee wake tumekuja..."

"Mjomba," nikasema, "bado lile swali."

Mama mkubwa akanifinya. Mama mkwe akasema wanaozungumza ni wazee. Wifi, aliyekaa mlangoni, akaguna. Ila yule shangazi wa Chamazi, ambaye nilimhesabu kuwa adui, akasema, "Mwacheni aulize. Mie nimepanda magari mawili kuja hapa, nataka kusikia."

Nikamgeukia mume wangu. Sikupandisha sauti.

"Alhamisi ile tunakula, nilikuaga au sikukuaga?"

Lilikuwa swali la neno moja. Angeweza kusema ndiyo. Mama yake angemfokea kidogo kwa kumruhusu mke kulala porini, wifi angenuna wiki nzima, mimi ningeingia chumbani kwangu na kuvua viatu. Hakuna ambaye angekufa. Nilimtazama na nikamwombea, kweli nilimwombea kimoyomoyo, kama unavyomwombea mtoto anayevuka barabara. Akatazama zulia. Akashika kifungo cha kanzu.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Nje kuna mtu alikuwa anapiga misumari. Aliyesema ni mama mkwe. Alikuwa amemgeukia mwanawe, anamtazama kwa karibu kama anayetafuta kibanzi kwenye jicho la mtoto.

"Huyu tangu mdogo," akasema taratibu, "akisema hakumbuki, anakumbuka."

"Mama..."

"Nyamaza. Ulijua. Ulijua alikokwenda, ukaniacha niite watu, nikamzuia mtoto wa wenzangu mlangoni, kachoka, ana matope. Ukaniacha nimpigie mama yake simu usiku nimwambie mwanao kakimbia." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona ana aibu mbele yangu. "Mwanangu, unisamehe. Hukuondoka. Ingia ndani kwako, yameisha."

"Alhamdulillahi," mjomba akasema haraka, asije mtu akaongeza neno. Mama mkubwa akaachia mkono wangu. Shangazi akaanza kucheka peke yake. Wifi alisimama, akaanza kufungua soda, na ya kwanza akaniletea mimi, ya tangawizi, ninayoipenda. Chumba kizima kilishusha pumzi. Mume wangu naye alishusha pumzi. Nilimwona. Mabega yalimshuka, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyebebewa mzigo wake mpaka mlangoni. Alidhani yameisha.

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Jina langu lilikuwa safi, na limesafishwa na mtu ambaye sikumtegemea. Na niliposhika ile soda nikaelewa kwamba kosa la mama mkwe lilikuwa la bahati mbaya tu. Aliambiwa godoro limetoka, akafuata desturi aliyolelewa nayo, na alipojua ukweli aliusema ukweli huo mbele ya watu, ukimuumiza yeye mwenyewe. Na wifi ni adui, lakini adui aliyefagia uwanja mchana kweupe, ninamwona. Aliyenitoa ndani ya nyumba ile alikuwa mwingine, na angenitoa tena siku yoyote ambayo kunitetea kungemgharimu sura ya mama yake kukunjamana. Hasira zilikuwa zimekwisha. Nilichobaki nacho kilikuwa baridi na kigumu zaidi.

Niliweka soda kwenye sinia bila kuinywa, nikasimama.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "nashukuru. Siku ile sikuondoka. Leo naondoka."

Mjomba akaniambia nikae chini. Sikukaa. Nilimpa mama mkwe mkono, nikamwambia naomba radhi kwa kutokumuaga siku ile, nilikatazwa, na leo namuaga. Alinishika mkono muda mrefu, hakunibembeleza. Nikamuaga shangazi. Nikamuaga wifi pia, akasema "haya wifi" kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Wa mwisho nikasimama mbele ya mume wangu.

"Nakuaga," nikasema, kwa sauti ambayo hata mpiga misumari wa nje aliisikia. "Natoka kwako, nakwenda kwetu, sirudi. Wote hawa wanashuhudia. Umenisikia?"

Alimtazama mama yake kwanza, ndipo akasema amesikia.